Umetoa taminali ya betri, gari limebadilika: dalili na vyanzo vyake

Jumamosi moja asubuhi jirani yangu alikwama nje ya geti lake, betri imekufa. Akapiga simu, dogo mmoja wa duka la betri akaja na bodaboda, kaipakata mpya mapajani. Spana namba 10, dakika tano, ya zamani nje, mpya ndani, hela mkononi, huyo akaondoka. Nusu saa baadaye nasikia hodi.

"Kaka, hebu njoo uone. Gari lilikuwa zima kabisa, shida ilikuwa betri tu. Sasa linawaka halafu linazima. Nikikanyaga mafuta linakubali, nikiachia tu, kimya. Dogo kanipiga, hii betri si mpya."

Nikapima betri: volti 12.6. Nikawasha, nikashikilia mafuta kidogo kwa mguu, nikapima tena: 14.2. Betri nzima, altaneta inayoichaji nayo nzima. Nikafungua mpira mpana wa hewa unaotoka kwenye chujio, nikamulika throto kwa tochi ya simu. Kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa kilikuwa kimezungukwa na masizi meusi kama sufuria ya kuni. Dogo wa watu hakuwa na kosa lolote.

Kutoa betri ni mara chache sana kunaleta ugonjwa mpya. Mara nyingi kunamwondolea mgonjwa dawa ya maumivu aliyokuwa anameza kila siku bila mwenye gari kujua. Ukilishika hilo, karibu dalili zote zilizo hapa chini utaweza kuzifuatilia mwenyewe hata kabla hujampigia fundi.

Kontroli boksi inasahau nini

Kompyuta ya injini, ambayo gerejini tunaiita kontroli boksi, ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza imechomekwa kiwandani: programu yenyewe, jedwali za kiasi cha mafuta na muda wa kuchoma (yaani lini plagi ipige cheche), na namba za siri za funguo. Hiyo haifutiki hata betri ikikaa nje mwaka mzima. Ya pili inaishi kwa waya mmoja unaotoka betri moja kwa moja kupitia fyuzi, na unabaki na umeme hata ukizima swichi na kutoa ufunguo. Humo ndimo kompyuta inamoandika mambo iliyojifunza kuhusu gari lako wewe, si gari lilivyokuwa siku linatoka kiwandani.

Inajifunza nini? Kubwa ni marekebisho ya mafuta. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaiambia kompyuta kama mchanganyiko umezidi mafuta au umezidi hewa, nayo inaongeza au kupunguza papo hapo. Ikiona inaongeza siku zote, tuseme asilimia 8, inaacha kuhangaika: inaandika hiyo 8 kwenye kumbukumbu na kuanzia hapo kila siku. Inajifunza pia throto ifunguke kiasi gani ili injini ikae sailensi vizuri, yaani iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta. Inajifunza irudishe nyuma muda wa kuchoma kiasi gani kama injini inagonga kwa mafuta mabaya. Gia boksi ya otomatiki nayo inajifunza ibane klachi zake kwa presha gani kadiri zinavyolika.

Ukitoa taminali, yaani kibanio cha waya kinachoshika kichwa cha betri, kwenye magari mengi vyote hivyo vinarudi sifuri. Gari linaanza upya likijidhania ni jipya, kumbe lina kilomita laki moja na themanini.

Kabla ya kulaumu kompyuta

Anza na vitu vya kijinga, maana ndivyo vinavyokula siku nzima ya watu. Shika kila taminali kwa mkono uizungushe. Ikicheza hata kidogo, hujafika kwenye kompyuta bado. Betri nyingi za magari ya Kijapani zina vichwa vya aina mbili, vyembamba na vinene; ile iliyoandikwa 46B24L na ile ya 46B24LS ni ukubwa mmoja, ila herufi S ya mwisho inamaanisha vichwa vinene. Ukiuziwa ya vichwa vyembamba huku kibanio cha gari lako ni cha vichwa vinene, fundi wa haraka atachomeka kipande cha bati au parafujo ili kibane. Nimeshaona hata msumari. Gari litawaka, kisha siku moja kwenye tuta la barabarani linazima kila kitu, na kompyuta inasahau upya. Mwenye gari anakuja analalamika gari "linapoteza akili" kila wiki.

Kisha pima. Betri iliyolala usiku kucha ikiwa nzima na imejaa inasoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni nusu. Chini ya 12 imeisha. Injini ikiunguruma, isome kati ya 13.8 na 14.5. Kama huna mita, ya bei ndogo kabisa inatosha kwa kazi hii.

Injini inawaka kisha inazima, au sailensi iko chini na inatetema

Hii ndiyo inayoleta watu wengi, na ndiyo ya jirani yangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Throto inachafuka taratibu. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa unaganda pembezoni mwa kisahani, mwaka hadi mwaka. Kila masizi yanapoongezeka, hewa ya sailensi inapungua, na kompyuta inafungua kisahani kidogo zaidi kufidia. Hukuona tofauti kwa sababu fidia ilikwenda sambamba na uchafu. Siku ukitoa betri, kompyuta inarudi kwenye ufunguzi wa kiwandani, ule wa throto safi. Kwenye throto chafu ufunguzi huo ni kama kumziba mtu pua. Injini inakosa hewa, inazima.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Washa huku umekanyaga mafuta kidogo tu, RPM 1200 hivi (mizunguko ya injini kwa dakika). Kama injini inakaa laini kabisa hapo, haitetemi wala haikosi, lakini ukiachia mguu inakufa, shida ni hewa ya sailensi. Kama inatetema na kukosa hata ukiwa umekanyaga, hiyo ni plagi, koili au nozeli, na pengine ilikuwapo kabla ya betri. Jaribio la pili ni kuwasha kiyoyozi: throto chafu iliyofutwa kumbukumbu ikibebeshwa kompresa inazima palepale.

Dawa yake ni kusafisha throto, si kuinua sailensi kwa bisibisi. Toa taminali hasi kwanza. Tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia throto na kitambaa laini, futa ukingo wa kisahani pande zote mbili na sehemu kinapokaa. Kama throto yako ni ya umeme, haina waya unaotoka kwenye pedali, usikisukume kisahani kwa kidole kwa nguvu na usikiguse kamwe swichi ya ufunguo ikiwa wazi, yaani imewashwa. Ndani kuna gia ndogo za plastiki. Nimemwona mtu akisafisha throto iliyokuwa nzima akamaliza akiwa na throto ya kununua.

Ukishasafisha, kompyuta inabidi ifundishwe. Hapa kila kampuni ina mila zake.

Toyota nyingi zinajifunza zenyewe. Zima kiyoyozi, taa na redio, washa injini, iache ichemke bila kuigusa mpaka feni ya rejeta izunguke. Kisha washa kiyoyozi dakika chache, halafu kanyaga breki uweke D dakika chache nyingine. Sailensi ikiwa mbaya mwanzoni, shikilia kidogo kwa mguu mpaka injini ipate joto. Safari ya siku moja au mbili inamalizia.

Honda: vyote vinavyokula umeme vizimwe, gia iwe P au N, shikilia RPM 3000 mpaka feni ya rejeta iwake, kisha achia na uiache iungurume dakika 5 bila kugusa pedali.

Nissan za throto ya umeme ndizo zenye masharti ya mganga. Injini iwe ya moto, gia P, usukani umenyooka, kiyoyozi na taa vimezimwa, na umeme uwe juu ya volti 12.9 injini ikiunguruma. Kwanza, bila kugusa mafuta, fungua swichi sekunde 2 au zaidi, zima sekunde 10, fungua tena sekunde 2, zima sekunde 10. Huko unaifundisha pedali mahali inapoanzia na kisahani mahali kinapofungia. Kisha fungua swichi bila kuwasha injini, hesabu sekunde 3. Kanyaga mafuta mpaka chini na kuachia mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga mpaka chini ushikilie. Baada ya muda taa ya injini itaanza kupepesa, kisha itatulia ikiwaka. Ikitulia tu, achia mguu ndani ya sekunde 3, washa injini, subiri sekunde 20. Tumia saa ya simu. Karibu kila mtu anakosea mara ya kwanza kwa kuhesabu kichwani, kisha anasema maelekezo ni ya uongo. Mimi mwenyewe ilinichukua mara nne, mwanangu akinihesabia kwa sauti dirishani.

Masharti ya volti 12.9 si mapambo. Betri dhaifu inakataliwa, na mtu anaweza kurudia zoezi zima mchana kutwa.

Sailensi iko juu, RPM 1500 na haishuki

Ukisafisha throto bila kufuta kumbukumbu, kompyuta bado inafidia uchafu ambao haupo tena, kwa hiyo inaingiza hewa nyingi mno. Hapa kutoa taminali ndiyo tiba, au zoezi la kufundisha la hapo juu. Lakini kama ulifuta na bado iko juu, sikiliza mlio wa "ssss" karibu na injini: kuna hewa inayoingia kwa njia za panya, mara nyingi mpira uliochomoka wakati mtu anasukuma boksi la chujio ili afikie betri. Nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira ya hewa, mbali na koili na nyaya. Mlio ukibadilika mahali fulani, umeshafika.

Gari limekuwa zito, au linakunywa mafuta

Siku mbili tatu za kwanza ni kawaida. Linapaswa kurudi kadiri unavyoendesha mwendo wa aina zote: foleni, barabara kuu, mlima.

Likibaki zito wiki nzima, tazama sensa ya kupima hewa inayoingia. Ukiwa unaendesha taratibu, kompyuta inasikiliza sensa ya oksijeni na kurekebisha papo hapo, kwa hiyo huoni kitu. Ukikanyaga mafuta mpaka chini kupanda mlima, inaacha kuisikiliza na kutegemea vipimo vya hewa pamoja na yale iliyoyaandika kwenye kumbukumbu. Kama kumbukumbu imefutwa na sensa ya hewa ina vumbi inapima pungufu, mafuta yanapungua palepale gari linapohitaji nguvu. Kabla ya betri kutolewa, ile asilimia 8 iliyoandikwa ilikuwa inaokoa jahazi. Safisha sensa kwa dawa yake maalumu, si kwa kitambaa wala mswaki; ule waya wake ni mwembamba kama unywele.

Kuna na kinyume chake: gari linakuwa jepesi baada ya kutoa betri. Ndiyo maana watu wanaambiana kutoa taminali usiku kunaongeza nguvu. Haiongezi kitu. Kama uliwahi kujaza petroli mbovu na injini ikawa inagonga, kompyuta ilirudisha nyuma muda wa kuchoma na kuandika hivyo; ukifuta, inaanza upya na gari linachangamka. Kama chanzo bado kipo, kwa mfano kaboni kwenye pistoni au injini inayochemka kupita kiasi, baada ya siku chache kompyuta itarudisha nyuma muda wa kuchoma tena na uzito utarudi. Uzito ukirudi namna hiyo, umepata kidokezo: kuna kitu kinachoilazimisha kompyuta kujihami.

Gia zinagonga au zinachelewa

Kwenye otomatiki, vumilia kilomita 50 hadi 100 za uendeshaji wa upole. Epuka kukanyaga ghafla, iache ibadilishe gia moja moja. Ikishindwa kutulia baada ya hapo, angalia oili ya gia boksi kiwango na rangi yake. Gia boksi iliyochoka nayo ilikuwa inajifidia, kama ilivyokuwa throto.

Taa ya injini ilizimika, kisha ikarudi

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu muda inaochukua kurudi unakuambia mengi.

Ikirudi ndani ya sekunde chache baada ya kuwasha, ni waya uliokatika, soketi iliyochomoka au sensa iliyokufa kabisa. Kompyuta haihitaji kuendesha gari kuligundua hilo. Ikirudi baada ya safari moja au mbili, fikiria kukosa moto kwenye silinda au mchanganyiko kuzidi hewa; kodi (namba ya kosa) ya P0171 kwa mfano, ile ya mchanganyiko kuzidi hewa, haitokei mpaka marekebisho ya mafuta yafike kikomo, mara nyingi zaidi ya asilimia 20. Ikirudi baada ya wiki, mara nyingi ni katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) au mfumo wa mvuke wa tangi, kwa sababu vipimo vyake vinasubiri hali maalumu za joto na mwendo.

Kwa hiyo usitoe betri kuizima taa kabla hujaisoma. Pamoja na kodi, kompyuta huhifadhi picha ya wakati ule: mwendo ulikuwa gani, joto gani, RPM ngapi. Ukitoa taminali umechoma ushahidi, na fundi anabaki kubahatisha kwa hela yako. Kifaa kidogo cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani pamoja na programu ya simu kinatosha kusoma. Magari ya soko la ndani la Japani ya miaka ya nyuma mengine hayaongei vizuri na vifaa hivi vya bei rahisi, hivyo ukikosa usidhani gari limekufa. Nenda kwa mwenye mashine inayoyajua.

Na hapa naomba wanaonunua magari mkononi mwa watu wanisikilize. Muuzaji anayejua kuna taa anatoa taminali dakika kumi kabla hujafika. Utakuta dashibodi safi. Chomeka kile kifaa, usitazame kodi, tazama sehemu ya vipimo vya utayari. Kama katalisti, sensa ya oksijeni na mvuke vyote vinaonyesha havijakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni. Magari mengi yanaonyesha pia kilomita zilizotembea tangu kodi zifutwe. Ukiona 3, muulize anayekuuzia kwa upole: "Mkuu, betri ulibadilisha lini?" Kisha angalia kama betri ni mpya. Ndugu zetu walioko Marekani wanalijua hili kwa njia nyingine: kwenye majimbo yanayopima moshi kupitia kompyuta, gari lisilo tayari hurudishwa nyumbani likaendeshwe kwanza.

Gari haliwaki kabisa baada ya kurudisha betri

Hakuna kitu, hata taa ya ndani? Taminali, au fyuzi kubwa. Fyuzi kubwa inayobeba waya wa altaneta hukatika mtu akigeuza hasi na chanya, hata kwa sekunde moja. Tazama betri yako: herufi L au R iliyo mwishoni (kabla ya S, kama ipo) inaeleza vichwa viko upande gani. Ukiuziwa R wakati gari linataka L, waya hazifiki vizuri, na mtu mwenye haraka anaona ni rahisi kugeuza betri kuliko kuirudisha dukani. Ukishageuza na cheche ikapiga, usijaribu tena. Kagua fyuzi zote kabla ya kitu kingine, na omba diodi za altaneta ziwe zimesalimika.

Stata inazunguka lakini haishiki? Kama gari lina alamu iliyofungwa dukani, si ya kiwandani, nyingi zinarudi zikiwa zimejifunga. Funga na ufungue kwa rimoti mara moja, au tafuta kitufe cha siri walichokificha chini ya dashibodi. Taa ya ufunguo ikipepesa ukiwa umefungua swichi, funguo haujatambuliwa. Funguo zenyewe hazijafutika, kwa hiyo jaribu wa akiba na hakikisha umeme hauko chini kabla hujalipia kuprogramu.

Simu ikiita ukiwa bado na spana mkononi, ni watu wa traka, kile kifaa cha kufuatilia gari. Ina betri yake ndani na imewaambia umeme umekatwa.

Redio, vioo na taa ya usukani

Redio nyingi zilizokuja na magari kutoka Japani zinajifunga zikikosa umeme. Nyingine zinadai kadi ya ramani iliyotoka nalo, nyingine zinatoa namba ndefu na kutaka msimbo wa kuifungua. Kama yako bado inafanya kazi, piga picha skrini ya taarifa zake na uitunze kadi kabla ya siku ya betri. Baada ya hapo ni kutafuta mtu wa kukupatia msimbo.

Kioo kisichopanda chenyewe kwa mguso mmoja: washa swichi, kishushe chote, kipandishe chote kisha endelea kuvuta kitufe sekunde mbili tatu. Taa ya usukani au ya kuteleza: washa injini, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mwisho kulia, rudisha katikati, kisha endesha moja kwa moja kidogo. Isipozimika, inahitaji mashine.

Namna ya kutoa bila kuleta balaa

Zima injini, toa ufunguo, subiri dakika moja au mbili kompyuta zijifunge. Toa hasi kwanza na uirudishe mwisho. Sababu ni spana: ukiwa unafungua chanya na spana ikagusa bodi wakati hasi bado ipo, unachomelea. Kama unakwenda kugusa chochote karibu na airbag, Toyota wenyewe wanasema subiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa taminali.

Na ule mchezo wa zamani wa kutoa taminali injini ikiunguruma ili kupima altaneta, uacheni. Kwenye magari ya kabureta ulikuwa unapona. Leo, betri ikitoka ghafla altaneta inakosa pa kumwaga umeme wake, na volti zinaweza kuruka mara kadhaa ya 14 kabla haijajirekebisha. Kontroli boksi, redio na diodi viko kwenye waya uleule. Mita ya mkononi inakupa jibu hilohilo bila kamari.

Wale wanaotoa taminali kila jioni

Nawajua watatu mtaani kwangu. Betri inaisha usiku, basi wakilala wanatoa, asubuhi wanarudisha, kisha wanashangaa sailensi mbaya kila asubuhi na mafuta kuisha. Kompyuta haijawahi kupata wiki moja ya kujifunza.

Tafuta anayekula umeme. Zima kila kitu, funga milango, acha boneti wazi. Weka mita kwenye tundu la 10A, toa taminali hasi, unganisha mita kati ya taminali hiyo na kichwa cha betri, na usijaribu kuwasha gari wala kufungua swichi ukiwa hivyo. Subiri nusu saa mpaka kompyuta zilale. Gari zima linapaswa kusoma chini ya ampea 0.05 hivi. Ukiona 0.4, anza kutoa fyuzi moja moja ukitazama mita. Namba ikishuka ghafla, umemkamata. Soma jina la fyuzi na ufuate waya wake. Kwa wale watatu ilikuwa amplifaya ya muziki, taa ya buti isiyozimika, na altaneta yenyewe yenye diodi iliyovuja, ambayo haina fyuzi ndogo ya kuitoa, kwa hiyo tuliipata kwa kuchomoa waya wake mnene, taminali hasi ikiwa imetolewa kwanza.